Umenunua Kitu au Umefanyiwa Kazi? Namna ya Kujua Sheria Inayoongoza Mkataba Wako

Mtu akinunua kabati Ngamiani asubuhi, kisha jioni akapatana na fundi wa kupaka rangi nyumba, siku hiyo ameingia mikataba miwili, na kila mmoja una sheria yake. Hapa Tanga mikataba ya namna hii hufungwa kila saa, mingi kwa mdomo, na mara nyingi inakwenda salama. Inapoharibika, watu hubishana nani kamdanganya nani. Swali la kwanza lilitakiwa liwe jingine: je, mliuziana bidhaa, au mmoja alimfanyia mwenzake kazi?

Ukilijibu swali hilo utajua unadai kwa haki gani na unatakiwa kuthibitisha nini. Kwa bidhaa, sheria yenyewe imeshaandika ahadi kadhaa kwa niaba yako hata kama hamkuzitamka. Kwa huduma haikuandikii mengi, kwa hiyo usipoandika mwenyewe unabaki na maneno matupu. Nimeona watu wenye haki kabisa wakishindwa kwa sababu ya jambo hili tu, ndiyo maana nimeona niliandike kwa hatua, kwa mifano ya hapahapa kwetu.

Mwongozo huu ni wa Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake za mikataba. Wewe unayepeleka mzigo Pemba kwa jahazi au boti, andika kwenye karatasi yenu kwamba mkataba utaongozwa na sheria za upande gani. Mstari mmoja unatosha.

Hatua ya kwanza: zijue sheria mbili

Sheria mama ni Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Ilitungwa mwaka 1961 kwa kufuata sheria ya mikataba ya India ya mwaka 1872, na ndiyo inayoshika mikataba yote: ya kazi za ufundi, ya mikopo, ya udhamini, ya uwakala. Kifungu cha 10 kinasema makubaliano yanakuwa mkataba pale yanapofanywa kwa hiari na watu wenye uwezo wa kuingia mkataba, kwa malipo halali na kwa lengo halali. Hakidai karatasi wala muhuri, isipokuwa pale sheria nyingine inapotaka maandishi.

Sheria ya pili ni ya mauzo ya bidhaa tu, Sura ya 214, iliyotokana na sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Bidhaa kwa maana yake ni mali inayohamishika: mabati, simu, mbuzi, magunia ya mahindi, pikipiki. Fedha haimo, wala deni unalomdai mtu halimo. Nyumba na kiwanja havimo kabisa, hivyo vina sheria za ardhi za mwaka 1999. Lakini mazao yaliyo shambani, na vitu vilivyoshikamana na ardhi ambavyo mmekubaliana vitang'olewa au vitakatwa, vinahesabiwa kuwa bidhaa. Kwa mkoa wenye machungwa ya Muheza na mitiki ya Longuza, kipande hicho kina uzito mkubwa. Nitakirudia.

Sheria hizi mbili zinafanya kazi pamoja. Mauzo ya bidhaa nayo ni mkataba, kwa hiyo mambo ya hiari, udanganyifu, umri na fidia bado yanatoka Sura ya 345. Sura ya 214 inaongeza yale yanayohusu mauzo peke yake.

Hatua ya pili: tazama kiini cha mapatano

Jiulize: mwisho wa mapatano haya, kuna kitu kinachohama kutoka kwa mtu mmoja na kuwa mali ya mwingine kwa bei? Kama kipo, na ndicho ulichokifuata, hayo ni mauzo. Kama ulichofuata ni ujuzi na jasho la mtu, na hicho kitu kimeambatana tu, hiyo ni huduma.

Mengine hayana shida. Mfuko wa saruji ni bidhaa. Kunyoa nywele ni huduma, hata kinyozi akikupaka mafuta yake. Kusafirisha mizigo kutoka Kange hadi Dar es Salaam ni huduma. Kufundisha mtoto masomo ya jioni, kulinda duka usiku, kuandaa hesabu za kodi, zote ni huduma. Samaki wa mnadani Deep Sea ni bidhaa, ila ujira wa anayekuparia magamba pale pembeni ni huduma.

Hatua ya tatu: pale vinapochanganyika

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo migogoro mingi ya kwetu inapoangukia.

Chukua fundi cherehani. Mama anakwenda na kitambaa chake, anapimwa, anaambiwa arudi Alhamisi. Kitambaa ni chake tangu mwanzo na hakikuuzwa, kwa hiyo analipia ushonaji, nao ni huduma chini ya Sheria ya Mikataba. Juu ya hapo, fundi amekabidhiwa mali ya mtu. Sheria hiyohiyo ina sehemu inayomtaka aitunze kama mtu makini anavyotunza mali yake, na inampa haki ya kuishikilia mpaka alipwe ujira wa kazi aliyoifanya. Kushikilia si kuuza. Lile tangazo la "nguo isiyochukuliwa miezi mitatu itauzwa" lina maana kama mteja alilijua siku ya kupatana. Likibandikwa baadaye halimfungi.

Mama huyohuyo akiingia duka la jirani, akachagua kitambaa cha fundi, akatajiwa bei moja ya gauni lililokamilika, mambo yanageuka. Anachonunua sasa ni gauni. Kazi ya mikono imo ndani ya bei, lakini mwisho wake ni kitu kinachohama kutoka kwa fundi kwenda kwa mteja.

Seremala vilevile. Ukimpelekea mbao zako za mninga akuchongee kitanda kwa ujira, hiyo ni huduma. Akitumia mbao zake na kukutajia bei ya kitanda, ni mauzo ya bidhaa ambayo bado haijatengenezwa. Na fundi wa jahazi kule Pangani: mwenye chombo akileta mbao na misumari na kumlipa fundi kwa siku, hiyo ni kazi, lakini fundi akijenga kwa mali yake na kukabidhi chombo kizima kwa bei, ameuza.

Mahakama zetu zinaposhindwa kupata jibu kwenye sheria zilizotungwa, hutazama kanuni za mahakama za Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Maamuzi ya baada ya hapo hushawishi tu, hayafungi. Kuna kesi mbili zinazotajwa sana. Ya kwanza ni ya mwaka 1861, Lee dhidi ya Griffin: daktari wa meno alimtengenezea mwanamke meno ya bandia, mwanamke akafariki kabla ya kuyachukua, daktari akadai malipo kwa msimamizi wa mirathi. Mahakama ilisema mwisho wa kazi ile ni kitu cha kukabidhiwa, kwa hiyo ni mauzo. Kwa kuwa hapakuwa na maandishi ya kutosha, daktari akashindwa. Ya pili ni ya mwaka 1935, Robinson dhidi ya Graves, kuhusu mchoraji aliyeagizwa kwa mdomo kuchora picha ya mtu kwa gini 250 (gini ni hesabu ya zamani ya fedha za Uingereza), kisha mteja akageuka. Huyu alishinda, kwa kuwa mahakama iliona kilichonunuliwa ni kipaji cha mchoraji, na turubai na rangi ni vya kuambatana tu.

Kwa nini kukosa maandishi kulimponza mmoja na kusimponze mwingine? Kwa sababu ya kanuni ambayo nasi tunayo mpaka leo katika kifungu cha 6 cha Sura ya 214. Mauzo ya bidhaa yenye thamani ya shilingi 200 na zaidi hayawezi kudaiwa mahakamani isipokuwa moja kati ya haya limetokea: mnunuzi amepokea na kukubali sehemu ya mali, au ametoa kitu cha kufungia mapatano au sehemu ya bei, au kuna maandishi yaliyosainiwa na anayedaiwa au wakala wake. Shilingi 200 siku hizi hainunui kitu cha maana, kwa hiyo hesabu kwamba karibu kila bidhaa imo. Huduma hazina sharti hilo. Maneno ya mdomo yanatosha, ukiweza kuyathibitisha.

Ndiyo maana nasema: unapoagiza bidhaa, toa advansi na upewe risiti. Ile elfu ishirini unayomwachia seremala ndiyo inayoupa mkataba wako miguu mahakamani.

Kwa mapatano yaliyochanganyika kwelikweli, kama fundi simu anayekuuzia kioo na kukifunga, au fundi gari anayeleta spea zake, tenganisha bei. Waandike mistari miwili: kioo kiasi gani, kufunga kiasi gani. Kioo kikiwa kibovu, unadai kwa sheria ya bidhaa. Kikiwa kizuri lakini kimefungwa vibaya, unadai uzembe wa kazi. Bila kutenganisha, mtabishana kwanza mlipatana nini, na anayepoteza muda kwenye ubishi huo ni mteja.

Chakula cha harusi kina ubishani wa aina yake. Mpishi akileta sufuria zake, mchele wake na nyama yake, akatoza kwa sahani, ni karibu na mauzo. Ukinunua vyakula mwenyewe ukamwita kupika, ni kazi. Akija na wahudumu, viti na mapambo kwa bei moja, mimi ningemshauri mwenye shughuli aandike kila kitu kana kwamba ni huduma tupu, asitegemee sheria imjazie chochote.

Hatua ya nne: kama ni bidhaa, tumia ahadi ulizopewa na sheria

Hata muuzaji asiposema neno, Sura ya 214 inahesabu kwamba ameahidi yafuatayo: ana haki ya kuuza kitu hicho, kitu kitalingana na maelezo aliyokupa, na ukinunua kwa sampuli, mzigo mzima utafanana na sampuli. Ukinunua simu ya mkononi mtaani kisha ikabainika ni ya wizi, umevunjiwa ahadi ya kwanza. Mdai aliyekuuzia bei yako yote.

Kifungu cha 16 kinahusu ubora, nacho kina mitego. Muuzaji anawajibika kitu kifae kwa matumizi yako kama ulimweleza matumizi hayo, ukaonyesha unategemea ujuzi wake, na ni bidhaa anayoiuza kila siku. Ukiagiza kitu kwa jina lake la kibiashara, ahadi ya kufaa kwa matumizi yako haipo. Kwa hiyo mteja anayesema "nipe rangi ya kampuni fulani" amejinyima ulinzi, na anayesema "nataka rangi ya ukuta wa nje, nyumba yangu iko Raskazone karibu na bahari, chumvi inakula, nipe itakayofaa" ameupata. Mweleze muuzaji shida yako na umwache achague yeye. Ukiweza, mwambie kwa ujumbe wa simu ubaki na kumbukumbu.

Mtego wa pili ni ukaguzi. Ukishakikagua kitu, huwezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuionyesha. Usitie saini "nimekagua na kuridhika" juu ya mzigo ambao bado umefungwa.

Kitu kikiwa hakilingani na mapatano unaweza kukikataa, ila fanya haraka. Ukikaa nacho muda mrefu kimya, au ukakitumia kama chako, umekikubali, na unabaki na haki ya kudai fidia tu. Huna wajibu wa kubeba mzigo kuurudisha. Inatosha kumjulisha muuzaji kwamba umeukataa. Ujumbe wenyewe unaweza kuwa hivi:

"Shikamoo mzee. Mimi ni yule mteja wa jana niliyenunua mabati 30 ya geji 28. Nimeyafungua leo asubuhi nimekuta 12 ni ya geji 30. Hayo 12 siyapokei. Yapo kwangu Makorora, hayajapigwa msumari, picha nimekutumia. Naomba uniletee ya geji 28 au unirudishie pesa yake kabla ya Ijumaa."

Heshima imo, idadi imo, kasoro imo, na neno "siyapokei" limo. Sheria inakuruhusu katika hali hiyo kuchukua yanayolingana na kukataa mengine, au kukataa yote. Mzigo ukija pungufu unaweza kuukataa, lakini ukiupokea unalipia ulichopokea kwa bei ileile mliyopatana.

Jambo jingine ambalo watu hawalitegemei ni hasara. Kifungu cha 22 kinasema hasara inafuata umiliki, bila kujali mali iko mkononi mwa nani. Ukichagua friji dukani, hiihii, iko tayari, mkapatana bei bila masharti, inaweza kuwa yako papo hapo hata kama hujalipa yote na hujaichukua. Duka likiungua usiku, hasara ni yako, isipokuwa mmekubaliana vingine au muuzaji ndiye aliyechelewesha kuileta. Kitanda ambacho seremala hajakimaliza bado ni chake, hasara ni yake mpaka akimalize na kukujulisha. Andika tu: "Hasara ni ya muuzaji mpaka mzigo ufike kwa mnunuzi." Maneno hayo yanaruhusiwa kabisa na sheria.

Machungwa yaliyo mtini

Kila msimu wanunuzi wanaingia vijiji vya Muheza, wanazunguka shamba, wanapatana na mwenye shamba bei ya machungwa yote yakiwa bado mtini, wanaacha advansi, wanaondoka. Wiki mbili baadaye upepo umepita, au wezi, au bei ya soko imeporomoka na mnunuzi haonekani. Nani anabeba?

Hii ni bidhaa, si ardhi, kwa sababu matunda yatachumwa chini ya mkataba wenyewe. Lakini umiliki unahama lini? Kama mmepatana kwa kuhesabu, chungwa mojamoja au kwa tenga, na mwenye shamba ndiye wa kuhesabu ili bei ijulikane, umiliki hauhami mpaka hesabu ifanyike na mnunuzi ajulishwe. Kama mmepatana shamba zima kwa bei moja, mnunuzi ana hoja kwamba matunda yasiyochumwa hayajawa tayari kukabidhiwa, na mwenye shamba ana hoja kwamba kilichouzwa kinajulikana na hakuna alichobakiza kufanya. Miaka ya 1920 mahakama ya Uingereza iliamua kuhusu miti ya msitu mmoja wa Latvia kwamba haikuwa bado mali ya mnunuzi, kwani ilikuwa haijakatwa na haikujulikana ni ipi hasa. Uamuzi huo unamfaa mnunuzi wa machungwa, lakini mimi nisingeacha shamba la mtu litegemee kesi ya Latvia.

Andikeni wenyewe, mbele ya mashahidi wawili, na mwenyekiti wa kijiji akishuhudia ni vizuri zaidi: "Machungwa yakiwa mtini hasara ni ya mwenye shamba, isipokuwa mnunuzi akichelewa kuchuma kupita tarehe 15 Julai. Kuanzia tarehe hiyo hasara ni ya mnunuzi, na mwenye shamba anaruhusiwa kuuza kwa mwingine." Taja mipaka ya shamba na idadi ya miti. Taja nani anawalipa wachumaji na nani analinda. Mkulima mwenye karatasi ya namna hii hababaishwi na dalali.

Mnunuzi akichukua shamba lenyewe kwa misimu kadhaa, apalilie na kuvuna, hapo amekodi ardhi na sheria ni nyingine. Msitumie karatasi ya mauzo.

Hatua ya tano: kama ni huduma, andika wewe

Kwa huduma, mahakama itamtarajia fundi awe na uangalifu na ujuzi wa kawaida wa watu wa kazi yake. Zaidi ya hapo ni mapatano yenu. Kazi ilikuwa ipi hasa, itakwisha lini, vifaa vya nani, ikiharibika nani anarudia: usipoviandika, utavithibitisha kwa mashahidi ambao siku ya kesi hawaonekani.

Hii ni karatasi ya kazi ya lipu, fupi na inayotosha:

"Leo tarehe ___ mimi fundi ___ nimekubaliana na mwenye nyumba ___ kupiga lipu vyumba vitatu na sebule, ndani tu, nyumba iliyopo Mikanjuni. Saruji na mchanga ananunua mwenye nyumba, vifaa vya kazi na vibarua ni vyangu. Ujira ni shilingi 600,000: 200,000 nikianza, 200,000 vyumba vitatu vikikamilika, 200,000 kazi yote ikikaguliwa. Kazi itakwisha kabla ya tarehe ___, na muda huu ni sharti la msingi kwa kuwa mpangaji anaingia tarehe ___. Lipu ikibanduka ndani ya miezi mitatu kwa sababu ya kazi yangu nitarudia bila ujira. Nikiacha kazi bila sababu, mwenye nyumba ataweka fundi mwingine na gharama itakayozidi ni juu yangu."

Tazama ule mstari wa mpangaji. Kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba kinatoa fidia kwa hasara inayotokana na uvunjaji kwa njia ya kawaida, au ambayo pande zote mbili zilijua tangu mwanzo kwamba itatokea. Fundi asipojua kwamba unampoteza mpangaji, utahangaika kumdai kodi uliyoikosa. Akijua, yumo. Ndivyo ilivyo hata kwa nguo ya harusi: mwambie fundi tarehe ya harusi siku ya kupimwa. Usimwambie siku ya kugombana. Sheria hiyohiyo inakutaka upunguze hasara pale unapoweza. Fundi akitoroka, tafuta mwingine mapema na utunze risiti.

Mkitaja faini ya kuchelewa, jueni kwamba kifungu cha 74 kinampa aliyevunjiwa fidia ya kiasi kinachostahili, isiyozidi ile mliyotaja. Faini ya milioni tano kwa kazi ya laki sita haitalipwa kwa kuwa tu imeandikwa.

Hatua ya sita: yasiyoingia kwenye mizani hii

Mtu anayekuja kazini kwako kila siku, kwa saa unazopanga wewe, kwa vifaa vyako na chini ya maelekezo yako, huenda ni mwajiriwa hata kama karatasi inamwita "mtoa huduma". Huyo analindwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, na malalamiko yake yanakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Akiachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 tu za kulalamika, kwa hiyo asisubiri.

Bodaboda ya mkataba, ile ya kupeleka hesabu kila siku mpaka pikipiki iwe yako, si mauzo ya kawaida, kwani umiliki unabaki kwa mwenye chombo hadi hesabu ya mwisho. Kukodi kwa kununua kuna sheria yake. Andikeni siku za hesabu, chombo kikiharibika nani anatengeneza, na dereva akikwama katikati alicholipa kinahesabiwaje.

Ukiuza au kuhudumia taasisi ya serikali, kuna Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 na mfumo wa NeST wa zabuni za serikali mtandaoni, ambao nao unatenganisha bidhaa, ujenzi na huduma tangu kwenye tangazo la zabuni. Na kama umedanganywa kama mlaji, iwe kwa bidhaa au huduma, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakufungulia mlango wa Tume ya Ushindani pia.

Tahadhari kwa wanaopakua mikataba mtandaoni: mingi ni ya Marekani. Kule bidhaa zinaongozwa na sehemu ya 2 ya kanuni za biashara zinazoitwa kwa kifupi UCC, huduma zinaachiwa kanuni za mahakama, na vilivyochanganyika hupimwa kwa kuangalia lengo kubwa la mkataba. Fikra zinafanana na zetu, ila vifungu havihusiani. Futa kila mstari unaotaja UCC au jimbo la Marekani kabla ya kusaini.

Hatua ya saba: ushahidi na pa kwenda

Tunza risiti, picha zenye tarehe, ujumbe wa malipo ya simu na mazungumzo ya WhatsApp. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inayakubali kama ushahidi, kwa hiyo usifute mazungumzo wala kubadili simu bila kuhifadhi. Mkataba wa maandishi ulipiwe ushuru wa stempu, kwani karatasi isiyolipiwa inaweza kukataliwa mahakamani mpaka ilipiwe pamoja na faini.

Usikimbilie polisi kwa deni la kawaida. Kuvunja mkataba ni madai, si jinai, isipokuwa mtu alikuchukulia pesa kwa udanganyifu tangu mwanzo. Anza na barua ya madai: taja mapatano, taja kilichovunjwa, taja kiasi, toa siku kumi na nne. Mwenyekiti wa mtaa anaweza kuwasuluhisha na kushuhudia mapatano mapya, ila hana mamlaka ya kuhukumu.

Ikishindikana, nenda Mahakama ya Mwanzo. Inasikiliza madai ya deni la mkataba yasiyozidi shilingi milioni 30, kwa Kiswahili. Yanayozidi hapo yanaanzia Mahakama ya Wilaya. Muda wa kudai kwa mkataba ni miaka sita tangu ulipovunjwa, uwe wa bidhaa au wa huduma. Usiye na uwezo wa wakili, ulizia wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Ofisi ya halmashauri itakuelekeza walipo, na msaada wao ni bure. Ukienda, chukua karatasi zako zote, na jambo la kwanza kuwaeleza liwe ni kama ulinunua kitu au ulifanyiwa kazi.